Mwanga Ulipozidi, Shimo Lilipungua

Kaka yangu mpendwa,

Sijui pa kuipeleka barua hii. Nimeiandika kichwani mara nyingi, nikifua, nikiwa kwenye foleni ya sukari Wandegeya, na kila mara nachoka kabla sijafika pale panaponiuma. Leo nimekaa niimalize.

Unakumbuka siku tulipoifunua ile leza, mashine ya mwanga mkali? Mzungu aliyekuja nayo chuoni alikuwa amekwisha kwenda zake na wenzake, akaiacha chini ya turubai. Wewe ulikuwa mhadhiri wa fizikia uliyekataa kuondoka wenzako walipoikimbia nchi, na mimi fundi wa maabara yako. Vipande vya metali havikupatikana popote, ukanunua sufuria kuukuu sokoni, tukaikatakata, ukanifundisha kuving'arisha mpaka nione meno yangu. Mkeo alisema, "Watu wanatafuta cha kupika, nyinyi mnakata sufuria!" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ulitaka kujua jambo moja: mwanga ukizidishwa ukali, uso wa metali hupatwa na nini? Mwanga hafifu uliacha doa tu. Tukauongeza, alumini ikayeyuka, kikabaki kishimo cha kuonekana kwa hadubini, kingo zake zimevimba. Tukaongeza tena. Metali ikachemka, ikawa mvuke, na mvuke wenyewe ukawaka mweupe, na mlio kama wa mjeledi.

"Hiyo ndiyo plazma," ulisema. "Mvuke uliopata joto mpaka chembe zake zikavunjika."

Kisha siku moja tulizidisha ukali na shimo likapungua kina. Nikadhani nimekosea. Nikapima mara tatu. Ukanishika bega.

"Hujakosea, dada. Plazma imesimama mbele ya metali. Inaumeza mwanga kabla haujafika."

Siku hiyo ulininunulia chapati na chai isiyo na sukari, tukala tumesimama, nawe ukiongea mdomo umejaa. Sijakuona tena na furaha kama ile.

Nani alipeleka habari kwamba chuoni kuna mwanga unaotoboa chuma, sijui mpaka leo. Asubuhi moja akaja ofisa wa jeshi na askari wawili. Alizungumza Kiswahili cha kambini, kama cha marehemu baba.

"Hii taa yako naweza toboa gari?"

"Hapana, afande. Tundu lake ni dogo kuliko ncha ya sindano."

"Weka nguvu yote."

Ukaweka nguvu yote. Mwako ukatoka, mlio ukapasuka, ofisa akaruka nyuma. Aliporudi kukitazama kile kipande cha sufuria, aliona doa tu.

"Moto kubwa hivi, shimo hakuna? Wewe naficha."

Ulimweleza habari za plazma polepole, kama ulivyonieleza mimi. Hakusikiliza. Akanigeukia.

"Mimi najua baba yenu. Mtoto ya askari hapana sema uongo. Huyu naficha?"

Kaka, daftari la vipimo lilikuwa mkononi mwangu, ukurasa baada ya ukurasa kwa mwandiko wangu. Nilisema, "Mimi sijui, afande. Mimi nafagia tu."

Hukunikasirikia. Ulivua koti jeupe, ukalitundika, ukaniambia, "Zima mashine, dada. Usiiguse mpaka umeme wake uishe." Wakakupandisha gari.

Nilikuulizia kituo cha polisi, hakuna. Nikaenda Luzira, langoni mwa gereza, siku tatu mfululizo, mpaka askari akanionea huruma: "Jina hiyo hapana hapa. Rudi nyumbani, mama." Hitima yako hatujaisoma, mkeo hataki kusikia neno hilo. Maabara imefungwa. Nashona nguo Namuwongo. Nimechoka, Kaka. Nimechoka kumfuata kila mwanamume mrefu njiani mpaka ageuke.

Lakini kilichonichosha zaidi ni sifa. Watu walimwambia mkeo kwamba nilikutetea mbele ya wale askari, nami sikukanusha. Miaka minne ananiita shujaa mbele ya wanao, ananiwekea mnofu mkubwa.

Jumapili iliyopita nilimwambia ukweli. Alikuwa anachambua mchele. Mikono yake haikusimama.

"Kwa nini unaniambia leo, wifi?"

"Sina nguvu tena ya kukaa nalo."

Akachambua mpaka mchele ungoni ukaisha. Kisha akasema, "Watoto usiwaambie. Nitawaambia mwenyewe." Akanisindikiza hadi mlangoni, asinipe mkono.

Sijui kama atanifungulia tena. Jumapili ijayo nitakwenda nibishe hodi, na asiponifungulia nitakwenda ile nyingine.

Mungu akuhifadhi ukiwa hai, akurehemu kama hupo. Wewe hukuficha kitu. Nilijua.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike