Kupiga Kambi Siku Nne

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mama hajanisemesha tangu asubuhi. Sababu ni hema! Nimelishona mwenyewe kwa cherehani yangu, wiki tatu, kwa shitingi — lile turubai jeupe la msaada lililobaki tulipoezeka mabati. Herufi za shirika la wakimbizi nimezigeuzia ndani. Ijumaa mimi na rafiki yangu Irankunda tunapanda pikipiki yangu: Lilongwe, kisha Salima, ziwani. Siku nne. Sijawahi kulala njiani kwa kupenda.

Mama kasema asubuhi: "Toka tulikimbia Fizi tulilala mu hema miaka mbili, tulikuwa tunalilia nyumba. Leo uko na chumba yako, unatafuta tena hema? Ni nini iko mu kichwa yako?"

Haoni tofauti? Kwamba lile sikulichagua na hili nalichagua? Nikarudi kwenye cherehani. Nimekasirika mpaka sindano imenichoma mara mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Kibali cha kutoka kwenye kambi hii ya wakimbizi kinataka barua ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kupima viuno vya wateja tu. Nikaenda kwa Gélase, yule Mrundi anayewaandikia watu barua, tai shingoni hata siku ya vumbi. Nikamwambia naenda kupiga kambi siku nne. Akauliza kambi gani. Nikasema ya Lilongwe. Akaandika haraka haraka, nikatia sahihi. Nakala moja kwa Cishahayo, mwenyekiti wa mtaa wetu.

Muhuri nimepata! Mama bado kanuna.

Ijumaa, 8 Agosti

Barabara nzuri, upepo baridi, Irankunda akiimba nyimbo za kwaya mgongoni kwangu. Polisi kwenye kizuizi aliona muhuri tu, akasema zikomo, asante yao, tukapita. Mjini Lilongwe, Old Town, tukanunua jiko dogo na kamba. Nilifurahi — nakiri.

Kisha tukafika hapa, bustani ya wageni wanaolala kwenye mahema. Dada wa mapokezi aliomba kitambulisho, nikampa kadi na ile barua. Akaisoma pole pole, akaniangalia kwa huruma. Huruma! Pepani, samahani, kasema, hapa hatupokei wakimbizi. Eti barua inasema NAHAMIA kambi nyingine, chumba changu naachia!

Gélase! Mpumbavu wa tai! Angekuwa karibu ningeikaza hiyo tai. Na mimi mpumbavu zaidi, nimetia sahihi kitu nisichoweza kukisoma.

Nikapaza sauti: sisi ni wageni, tumekuja kustarehe! Akalitazama hema. Nilikuwa nimelikunja vibaya, herufi nje. Irankunda ndiye aliyetuokoa, kwa kumwonyesha jiko na viazi na kucheka sana. Tukapewa kona, nyuma ya matangi ya maji. Wenzetu wako kwenye nyasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama amepiga simu. Cishahayo kasoma nakala yake. Asubuhi hii kamleta mama mmoja aliyefika juzi kutoka Uvira, na watoto wanne, na godoro — eti chumba changu ni kitupu! Cherehani yangu iko uani! Hakuuliza mtu! Nilifoka mpaka mzungu wa hema la jirani akatoa kichwa. Nikasema narudi sasa hivi, nitawatoa kwa mikono yangu.

Mama: "Usirudi na kasirani. Mi niko naikala ku mulango, hakuna mutu ataingia."

Halafu akashusha sauti:

"Lakini bale batoto banalala inje, siku ya tatu leo. Ile shitingi yenye ilibakia, uliiweka wapi?"

Haikubaki. Yote iko hapa, imesimama juu ya kichwa changu.

Nilisema nitampigia baadaye. Irankunda kaacha kumenya viazi, anauliza kama tunaenda Salima au tunarudi. Hasira bado ninayo, tele, ila sijui tena nimkasirikie nani.

Kigingi kimoja cha hema nimeshaking'oa. Saba bado viko ardhini.