Mama Ngoyi, Nimekasirika Mpaka Fizi

Mama Ngoyi, muke wangu,

Salamu toka Kalemie. Munganga wa meno amenitoa mawili, lakini ulimi ameniachia, basi usikilize.

Hapa ninapolala kuna watu wawili wanatengeneza antene ya simu. Mumoja anatoka Vietnam, mwingine ni Muhindi wa Odisha, lugha yake Kioriya. Mwenye nyumba ananiambia, «Papa, lugha zao zote njo Kichina tu.» Nikamujibu kwamba masikio yake yamejaa bukari, ugali wote wa jana. Kivietnam maneno ni mafupi, sauti inapanda na kushuka kama njia ya mulima wa Kirungu, na wanaandika kwa herufi zetu, ila zimevaa kofia. Kioriya kinaviringika, na herufi zake ni duara kama maboga. Wenyewe hawasikilizani hata kidogo. Wanagombana kwa Kiswahili chetu, tena kibaya.

Lakini kila jioni kila mumoja anapigia mama yake simu kwa lugha ya kwao, bila haya. Jana wakaniuliza, «Na wewe Papa, wajukuu wako wanasema lugha gani?» Nikajibu, «Kifaransa,» na haya ikanishika. Mimi, Mutabwa muzima! Ni juu yako na yule mwalimu wa shule, mulionikataza kusemesha mujukuu wetu Sifa Kitabwa chetu, eti kitamuharibia Kifaransa.

Siku mutumbwi wangu utafika kwetu Mpala, Sifa anisalimie kwa Kitabwa pale ufukoni. Asipojua, biskuti nilizomununulia nitazikula zote mbele yenu, na meno yaliyobaki yanatosha.

Ubaki salama, mukaidi wangu wa moyo.

Muzee wako