Nimejinyima Mishikaki ya Mama, na Sukari Bado Inapanda

Mpendwa Bi Mahrokh, naomba unisaidie maana nimeshindwa kumwambia mtu, mimi ni mtu mzima na wajukuu wangu hapa Tabriz, lakini kila Ijumaa mchana nakaa dirishani nalilia nyama kama mtoto. Tangu daktari aniambie nina kisukari nimejikataza mishikaki kabisa, na kwetu mishikaki si chakula tu, marehemu baba alikuwa anawasha mkaa uani chini ya mzabibu, anapepea huku anatutania, "Ayaz, sogea tena nikuchome na wewe!", nasi tunagombania ule mkate unaowekwa chini ya nyama ukanywa mafuta yote, jamani, nikifumba macho bado naisikia ile harufu, na baba alipofariki mama akaendeleza, ndugu wote hukutana kwake, ila mimi siendi tena kwa sababu najijua, nikiiona tu nimekwisha, nikamdanganya kuwa nina kazi, sasa dada yangu Sevda kanipigia, "Mama anasema umemnunia. Kila Ijumaa anakutengea mshikaki wako, unapoa, anaufunika. Una roho gani wewe?" Nimelia, Bi Mahrokh. Na kinachoniuma zaidi, sukari haishuki! Nyama sili, nimebaki na chai yangu kutwa nzima, kadonge ka sukari kati ya meno basi, kama alivyokunywa baba. Nakosea wapi?

Ayaz, Tabriz

Ndugu yangu Ayaz, pole sana. Umenikumbusha uani kwetu mpaka nikaweka kalamu chini.

Sasa nisikilize, maana nitakugombeza. Eti "kadonge basi"! Kadonge juu ya kadonge kutwa nzima, bado unauliza unakosea wapi? Umemfunga asiye na kosa, mwizi unamkaribisha chai. Sisi wa huku tumelelewa na donge mdomoni hata hatulioni kuwa ni chakula. Lione kuanzia leo. Weka mdalasini kwenye chai, utazoea.

Nyama yenyewe haipandishi sukari kama donge, mkate na kilima cha wali. Kula mshikaki wako, usiwe na mafuta mengi, pamoja na nyanya za kuchoma, kitunguu, mboga mbichi za majani tele na mtindi usiotiwa sukari. Ule mkate wa chini ya nyama kata kipande cha kukumbukia tu. Wali waachie wajukuu. Ukimaliza usijilaze kwenye zulia, inuka utembee. Dawa usizichezee, pima kabla na baada ya kula, umpelekee daktari majibu.

La mama halingoji vipimo. Unamwacha mama wa umri ule akae mbele ya nyama iliyopoa akijiuliza amekukosea nini, kisa unaona aibu kuumwa? Acha hizo! Ijumaa hii nenda mwenyewe, usimtume Sevda. Mwambie hapo hapo mlangoni, kabla hujavua viatu: "Mama, naumwa kisukari. Sijakununia hata siku moja."