Homa Yenye Hesabu Yake

Bomani, mlimani
29 Machi 1911

Kwa kaka yangu Aliko, Makwale.

Ugonile, kaka. Hujambo wewe, na baba yetu Lazaro hajambo? Mpunga umesalimika na mafuriko? Huku mvua haikatiki, nguo hazikauki. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii hata kidogo, na sababu ni barua yako aliyoniletea Hezroni mpeleka barua.

Umeniandikia kwamba mkeo Angetile ameshikwa na homa mara ya tatu, na mimba yake ina miezi mitano. Wazee wanasema alikutana na baba kijitoni, hakujificha kama mkamwana apaswavyo kumkwepa baba mkwe, basi pumzi za watu wanaonung'unikia kosa hilo ndizo zinazomtetemesha. Wamekata shauri arudishwe kwao, pwani ya ziwa kwa Wakisi. Mtatoka Jumamosi, Jumapili mpumzike Itungi kwa sababu wapiga makasia ni watu wa kanisa, Jumatatu aingie mtumbwini.

Kaka, nakusihi, asiende. Nimechukua tarehe zote ulizoziandika nikazipanga. Homa ya kwanza, tarehe nne hadi sita. Akawa mzima siku nane. Ya pili, kumi na tano hadi kumi na saba. Akawa mzima siku saba. Ya tatu, ishirini na tano na ishirini na sita. Hesabu siku saba nyingine utafika Jumatatu, tarehe tatu Aprili. Jumamosi mtamwona anacheka na kubeba mtungi, mtasema amepona. Jumatatu atakuwa katikati ya ziwa, anaungua, na mimba ile, na hakuna hata pa kumlaza.

Tazama jinsi homa hii inavyotudanganya. Mara ya kwanza iliondoka siku ilipofika kwinini niliyotuma, nami nikajisifu mbele ya wenzangu kwamba nimemponya shemeji. Mara ya pili iliondoka mlipochinja kuku na kuomba radhi, wazee nao wakajisifu. Shangazi Felista akauliza, kwa maneno uliyoniandikia wewe mwenyewe, huyu ni mgonjwa gani anayepona akinusa mchuzi. Mara ya tatu iliondoka wazee walipokubaliana kumfukuza, sasa wanaona ndio ushahidi kamili. Kumbe ingeondoka tu, hata kama sote tungelala usingizi.

Nilimweleza bwana daktari. Akacheka, akauliza tangu lini mbeba masanduku anasoma homa. Miaka sita namwoshea chupa, kusoma nimejifunza mwenyewe kwa kuchungulia vitabu vya watoto wa misheni, na bado kwake mimi ni mabega tu. Akasema homa ni homa, apewe kwinini. Nikamkumbusha yule askari wa mwaka jana. Alipopimwa damu siku ya nafuu haikuonekana kitu, akaitwa mvivu, akachapwa. Alipopimwa siku ya homa, ndani ya darubini vilionekana vidudu kama nyuzi zilizosokotwa, vinajinyonganyonga kati ya damu. Hapo daktari mwenyewe alisema ni homa ya papasi, wale wadudu wanaokaa kwenye vumbi na nyufa za sakafu na kuuma watu usingizini. Mwishowe akasema, kwa kinyongo, nimletee damu ya siku ya homa ataitazama, na akiviona atatoa dawa ya sindano.

Kwa hiyo Hezroni anakuletea vioo viwili vya kupimia damu nilivyovifunga kwa kitambaa. Jumatatu homa ikipanda, mchome kidole kwa sindano safi, pakaza tone jembamba juu ya kila kioo, liache likauke, umpe Hezroni siku hiyo hiyo. Usimchome akiwa mzima. Vioo vitatoka vitupu, na daktari hatatupa nafasi nyingine. Usiku na mchana nasali homa hiyo ije siku niliyoitaja, kisha naona haya kwa sala ya namna hiyo.

Najua utauliza. Huko kwetu wanawake hukandika sakafu kila wiki, hakuna ajuaye papasi. Wametoka wapi? Nimechana karatasi mbili kabla ya kuandika hapa.

Niliwaleta mimi. Mkeka niliompa shemeji Februari, nikasema ni mpya, haukuwa mpya. Niliulalia kambi za wapagazi safari nzima ya bara. Wewe unalala kitandani, yeye akautandika chini karibu na moto. Na hesabu hii sikuipata kwa askari. Niliihesabu mwilini mwangu, homa tatu njiani, nikazificha kwa sababu mpagazi mgonjwa huachwa kambini na kazi yake hupewa mwingine. Barua yako ya pili ilipofika nilijua, kaka. Nilijua siku kumi nzima, nikanyamaza, nikaacha mwanamke asemwe.

Uchome mkeka leo. Mhamishe Angetile kwa mke wa Mika, jirani yenu, nyumba ile imeinuka na ni kavu. Mwaga maji ya moto katika kila ufa wa sakafu, kisha ikandikwe upya. Mpe maji mengi. Nawe ukisikia baridi mgongoni, andika tarehe.

Kisha waite wazee, uwasomee barua hii yote, usiruke neno. Angetile akae nyuma ya ukuta, asikie bila kumwona baba. Wakitaka kunung'unika, wamnung'unikie mwenye mkeka. Nitakuja Jumamosi, kwa ruhusa au bila ruhusa, nisimame mbele yao.

Nisalimie baba, ingawa sijui ataipokeaje salamu yangu. Shangazi Felista naye mwambie nimemsikia. Na shemeji usimpe salamu zangu, kaka. Nitamwomba radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Ndaga, asante.

Ni mimi mdogo wako,
Anyitike