Ruhusa ya Mshitakiwa

Jumatatu, 7 Mei 1956

Leo nimekwenda barazani kuishitaki Serikali. Hakimu alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Nikamweleza yote. Mume wangu Fridolin, fundi seremala, alizama mwezi wa Machi pale kivukoni, kamba ya pantoni ya Serikali ilipokatika mto umefurika. Ripoti yao inasema alikuwa amelewa, akaanguka mwenyewe. Fridolin! Tumbo lake lilikataa pombe tangu 1949. Hata harusini alikunywa togwa na watoto. Nataka wafute neno hilo, basi.

Hakimu kasema baraza lake halina nguvu juu ya Serikali. Nirudi nyumbani nikasali.

Jumatano, 9 Mei

Mzee Eustaki alikuwa karani wa mahakama, sasa anaandikia watu barua sokoni. Nimempa shikamoo, nikakaa. Anasema Serikali haishitakiwi hivi hivi, hata mahakama kubwa. Kwanza unamwomba Gavana ruhusa. Akikataa, imekwisha — wala huwezi kumshitaki kwa kukataa.

Nikamuuliza: jirani akiniibia kuku, nimwombe ridhaa ndipo nimshitaki? Akasema jirani si Serikali.

Barua nimeandika mwenyewe, nilisoma kwa masista hadi darasa la nne. Mzee kanyoosha maneno tu, akaingiza "kwa unyenyekevu mkubwa" mara tatu. Mbili nimezifuta.

Jumapili, 20 Mei

Benchi letu kanisani nimekaa peke yangu. Watu wanapita, wananiamkia, wanakwenda kukaa kwingine. Wanaogopa Serikali itawaona wako karibu nami!

Wifi yangu Digna kanisubiri nje. Kaka yake ameshakufa, kasema, na mimi ninawatafutia walio hai matatizo. Nilitaka kumwomba tu aje tule pamoja. Bado napika chakula cha watu wawili.

Alhamisi, 14 Juni

Niko dunguni Katindiuka, nafukuza ndege. Dungu hili tulilijenga la watu wawili: mmoja apige debe, mwingine apike. Napiga debe, uji unaungua. Nakoroga uji, ndege wanakula mpunga. Jana nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Au kwa vyote.

Jana hiyo hiyo Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja Ifakara kutoka Mahenge. Nilimkuta ofisini. Kanipa kiti, kanipa pole, kwa Kiswahili safi. Nilijiandaa kwa mtu mkali, nikakaa kama mgeni wake. Kasema ombi langu litakwenda Dar es Salaam pamoja na maelezo. Nikauliza maelezo ya nani. Ya kwake, na ya wakubwa wa kivuko.

Kwa hiyo mshitakiwa anaulizwa kama angependa kushitakiwa, na shahidi ni yeye mwenyewe. Nimeshukuru, nikatoka. Kwa nini nilishukuru?

Jumamosi, 16 Juni

Kelestini kaja dunguni. Anavuta pantoni, na alikuwa rafiki wa Fridolin. Ni mtu wa kwanza kupanda ngazi hii tangu msiba. Alitazama mbuzi wangu aliyefungwa chini kwa muda mrefu, halafu akauliza kamba ile nimeipata wapi.

Wewe ndiye uliyenipa, nikamwambia. Ilifunga kuni za matanga.

Akainama. Kumbe ndiyo ile iliyokatika. Desturi ya kivukoni, kamba ya pantoni ikichakaa wavuvi hugawana vipande, na safari hii waligawana vilevile bila kufikiri. Sasa mitumbwi yote imefungwa kwa ushahidi wangu! Na mimi miezi mitatu nimefungia mbuzi kamba iliyomuua mume wangu.

Kasema ilikuwa imeoza tangu Krismasi. Waliripoti, wakaambiwa wangoje. "Shemeji, mimi sijasema kitu. Nina watoto sita."

Nimemfungua mbuzi. Ndani kamba ni unga mtupu, ukiifikicha inamwagika.

Jumanne, 18 Septemba

Jibu limekuja. Gavana hakuridhia. Sababu haikuandikwa, Mzee Eustaki anasema halazimiki kuitoa. Lakini kwa huruma, Serikali itanipa kifuta machozi, bila kukiri kosa. Niende Mahenge nikatie sahihi mbele ya Bwana Shauri kwamba sina dai tena na naikubali ripoti.

Naikubali ripoti. Yaani niandike kwa mkono wangu kwamba alikuwa mlevi.

Digna kaja leo, mara ya kwanza. Kasema nitie sahihi, paa linavuja. Kweli linavuja. Nilimpikia, akala, akaondoka mapema. Nyumba ikawa kubwa tena.

Ijumaa, 21 Septemba

Kivukoni. Kufika Mahenge lazima nivuke hapa. Sijapita tangu Machi. Kamba ni mpya, nene, nyeupe. Hakukuwa na kosa, lakini kamba wamebadilisha!

Kelestini kanishika mkono nipande. Nimekaa juu ya gunia la mtu, naandikia magotini. Kapuni nina karatasi yao na kipande cha kamba ya mbuzi. Nilipanga kukiweka juu ya meza ya Bwana Shauri, nimwambie aandike upya. Usiku wote nilijiona nakiweka. Sikufikiria kwamba ataniuliza nimejuaje ni ile.

Kelestini anavuta, shati limemlowa mgongoni. Watoto sita.

Nimemfunulia kapu. Nikamwambia polepole, wengine wasisikie: "Kelestini, naomba ruhusa yako nikutaje. Ukikataa, nitatia sahihi."

Ametazama kapuni, akatazama maji. Anavuta tu. Tumefika katikati ya mto.