Njumu Nilizomwomba Shija

Katoro,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa, Mama Kulwa,

Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, na marahaba yangu inakuja kwa basi la kesho. Mwangaluka, kama tunavyoamkiana Kisukuma. Magoti yanaendeleaje? Kaa kwenye kigoda unapopika, usione aibu. Umri wetu si wa kuchuchumaa tena. Mimi mwili ni mzima. Kilichonijaa ni kinyaa, na kinyaa changu hakisemeki kwenye simu huku bodaboda zikipiga honi mlangoni, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Shija, kiungo wa timu yetu, unamjua kwa mdomo wangu. Kwa misimu minne kila nilipokupigia nilimtaja, mpaka ukaniuliza kama nimepata mtoto uzeeni. Sasa amesajiliwa na timu ya huko Shinyanga, na amepanga chumba hapo hapo kwenu Ngokolo, nyuma ya mashine ya kusaga. Yaani analala hatua chache kutoka kwenye nyumba niliyotoka mimi kile kiwanda cha pamba kilipofungwa, nikawaambia nakuja huku Geita kwa mwaka mmoja tu.

Katika uwanja huu wa vumbi sijaona mchezaji kama yule. Wenzake walikimbia, yeye aligeuza shingo, kushoto, kulia, kabla mpira haujamfikia, kisha akapiga pasi fupi mahali pasipo na mtu, na mtu akatokea. Akichezewa rafu aliinuka, akakaza kamba za njumu, akaendelea. Baada ya mechi alipita dukani kwangu, akakaa kwenye benchi kati ya madaftari, akasoma gazeti la wiki iliyopita kana kwamba ni la leo. Ananiita Babu.

Uongozi uliamua kumuaga uwanjani, kabla ya mazoezi ya jioni. Hotuba wakanipa mimi, kwa kuwa ndiye shabiki mzee na wanajua nasoma vitabu. Siku moja kabla, akaja Nkwabi, mnunuzi wa dhahabu anayeongoza kamati ya ufundi. Wewe unajua kamati hizo. Ufundi wake si wa mpira.

"Mzee Maganga, ukimaliza hotuba, mwombe njumu zake. Tuzitundike ofisini, ziwe kumbukumbu."

"Kwa nini msimwombe wenyewe?"

"Sisi atatukatalia. Wewe anakuheshimu."

Nilifurahi, mdogo wangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilifurahi kusikia naheshimiwa.

Basi nikasema maneno niliyoyaandika na kuyafuta mara tatu, na mwisho nikamwomba. Shija akainama pale pale kwenye duara la katikati, akafungua kamba, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ndizo alizochezea misimu yote. Ubavuni alikuwa amezishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni.

"Chukua, Babu. Ila zitundikwe juu, panya wasizile."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Akatembea na soksi hadi kwenye pikipiki iliyokuwa inamsubiri, akaondoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kuziangalia. Ukutani palikuwa na kalenda tu. Nikamkuta Nkwabi kwa mama ntilie, anakunywa supu na wachimbaji wawili.

"Njumu ziko wapi?"

"Ziko salama, Mzee. Zimelala."

Wenzake wakapasuka kicheko.

"Zimelala wapi?"

"Pale pale alipozivulia. Mtaalamu amezijaza matumbo ya kuku, akazifunga kwa kitambaa cheusi cha kaniki, tukazifukia katikati ya uwanja. Mtu aende, nyota yake ibaki. Huko Shinyanga atacheza kama mbuzi aliyefungwa kamba."

"Na mimi mkanituma kuziomba!"

"Lazima atoe mwenyewe kwa hiari, Mzee. Zikiibwa, dawa haishiki."

Akarudi kwenye bakuli lake, akanyonya mfupa. Mafuta yalikuwa yanamtiririka kidevuni. Tangu siku hiyo sijaweza kunywa supu.

Usidhani nawadharau kwa imani yao. Nimeishi na wachimbaji muda mrefu, nimewaona wakichinja kondoo mweusi mdomoni mwa shimo, na sijawahi kumcheka hata mmoja. Anayeshuka chini ya ardhi ana haki ya kuogopa. Lakini hawa hawakuwa na hofu. Walikuwa na tamaa, wakachukua kitu cha mtu aliyewatumikia, wakakijaza uchafu, wakanywa supu. Ile haikuwa kuaga. Ulikuwa wizi uliopigiwa makofi, na mimi ndiye niliyeusomea hotuba.

Alhamisi Shija alinipigia. Mchezaji mwenzake wa zamani wa huku Katoro alikuwa amemwambia, kwa utani.

"Babu, ulijua?"

"Sikujua, mjukuu wangu."



"Mechi ya kwanza wamenitoa kabla ya mapumziko," akasema. "Mimi mambo hayo siyaamini, Babu. Ila miguu yangu imeanza kuyaamini."

Akakata. Tangu hapo hapokei simu yangu, na sijui kama alinisadiki.

Jana saa nne asubuhi niliazima sululu, nikaenda uwanjani peke yangu, jua likiwa wazi na watu wakiona. Katoro nzima inajua kuchimba, lakini hakuna aliyenishika mkono. Walisimama nje ya mstari kama siku ya mechi.

"Mzee, umefika kwenye mwamba?"

"Ukipata dhahabu tugawane, Mzee!"

"Achia hapo! Ukizifukua tunashuka daraja!"

"Mtashuka kwa sababu hamna kiungo," nikawajibu, "si kwa sababu ya kiatu!"

Hapo wachache walicheka upande wangu. Nkwabi hakucheka. Alikuja hadi ukingoni mwa shimo, akasema polepole, "Mzee Maganga, hapa si kwenu. Usitufukulie uwanja."

Mama Kulwa, nimezeekea hapa, na jana ndipo nikaambiwa. Nilikuwa nimeshafika kwenye kaniki. Harufu iliyotoka pale wewe usiijue. Nilitapika mbele yao wote, mzee mzima, nikajifuta kwa leso, nikazibeba hadi nyumbani.

Nimeziosha kwa sabuni mara nne. Zimekauka juu ya bati, ngozi imejikunja, na ule uzi wa nailoni ndio pekee uliobaki kama alivyouacha. Hazivaliki tena. Asubuhi nilizifunga kwenye gazeti nikutumie pamoja na barua hii, umkabidhi kwa niaba yangu. Kisha nikazifungua. Kitu nilichomwomba kwa mdomo wangu mbele ya watu siwezi kukirudisha kwa mkono wa kondakta.

Kwa hiyo barua itatangulia, nami Jumamosi nitapanda basi. Sijafika Ngokolo tangu tulipomzika mama, na sina hakika kama kutoka stendi nitaijua njia. Nikipotea nitauliza mashine ya kusaga. Sitaki mapokezi. Pika michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwetu, ya kutosha wageni wawili, kwa sababu nikimpata nitamleta kwako. Asipotaka kuja, nitakula na wewe, na usiniulize kitu siku hiyo.

Nisalimie shemeji yangu, fundi baiskeli, mwambie spoku alizonipa bado zinazunguka. Nisalimie shangazi yetu. Mkumbushie sauti yangu, kama sura imempotea. Na jirani yako wa mashine mpe salamu nyingi, kwa kumpa kijana yule chumba.

Shija usimpe salamu zangu, hata mkikutana kisimani. Nataka kumuaga upya, mimi mwenyewe, na safari hii sitamwomba kitu.

Kaka yako anayekuwaza,
Maganga