Kamba ya Buti

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ile ile, vumbi lile lile. Saa moja kamili nimeshika bendera. Buti zangu za mpira zinavuja, soksi mbili hazisaidii kitu. Kazi yetu ndiyo hii tangu waanze kupanua barabara: mimi nasimamisha magari ya kutoka Mpemba, mwenzangu Simbeye kule mwisho anaachia ya kutoka Vwawa, kisha tunabadilishana kwa redio. Mshika bendera ana faida moja. Gari likikaa mbele yako dakika kumi, unaona kila kilichomo. Nimeshaona mbuzi kiti cha mbele. Nimeona jeneza. Nimeona bwana harusi analia.

Leo nimeona watoto. Gari dogo jeupe, mlango wa nyuma umeachwa wazi, umefungwa kamba usibamize. Ndani ya buti watoto watano wa shule, miguu inaning'inia nje. Viti vya nyuma vichwa tu, sikuweza kuhesabu. Mbele, kitoto kimoja kimepakatwa na dereva na kimeshika usukani. Msichana wa pembeni kabisa, sweta la bluu, kashika kamba kwa mikono miwili. Akanitazama. Nikainua kijani, wakaenda. Mahindi yangu yamenishinda kula.

Jumanne, 15 Julai

Tena. Saa moja na nusu, gari lile lile. Nimehesabu vizuri: watoto kumi na mmoja, mbali na dereva wao. Nyuma yao lori la semi la Zambia limebeba shaba, bampa yake iko usawa wa nyuso zao. Nimemwambia Simbeye kwenye redio. Kasema, "Mama Neema, watoto wana wenyewe." Simbeye ni mtu mzuri lakini hapendi maneno.

Simjui dereva. Siwajui wazazi. Yananihusu nini?

Jumatano, 16 Julai

Yananihusu. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Neema alipokuwa mchanga nilikuwa nakaa naye kiti cha mbele, kutoka Isansa kwa mama hadi Vwawa. Mkanda mmoja, sisi wawili. Nilijiona mjanja. Wenzangu hata mkanda hawakufunga. Mwaka huu kwenye mafunzo ya usalama kazini mwalimu akasema gari likigonga, mama ndiye anayemponda mtoto, mkanda unamkamata katikati. Watu waliguna. Mimi nilitoka nje kama naenda chooni. Neema yuko kidato cha kwanza, mzima, ana kiburi kama mimi. Si kwa akili yangu.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbili nimezungusha jambo moja. Nikiripoti, labda dereva ana watoto wake nyumbani, atakosa riziki. Nisiporipoti, nikasikia honi, breki, halafu kimya, nitashika bendera tena kwa mkono upi?

Mchana nimepanda kilimani hadi wanaposimama trafiki. Nimemkuta dada mmoja wa trafiki, nikamweleza. Rangi, saa, buti, kamba. Ameandika. Hakunicheka. Nimeshuka mwepesi. Jioni nimepika maharage ya mama, nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 21 Julai

Limepita saa moja na nusu, limejaa vile vile. Nikaliinulia kijani kwa furaha, nikasema nenda, huko mbele unasubiriwa.

Saa nane yule dada kapita kwangu. Wamelisimamisha. Watoto wanne, wote kitini, mlango wa nyuma umefungwa. "Mama, labda uliona gari lingine." Kasema kwa upole, na upole ule ndio umenichoma. Mimi si mwehu. Miezi mitano nasimama hapa, najua magari kuliko najua majirani. Nimekasirika.

Jumanne, 22 Julai

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Simbeye kaona kutoka kwake. Gari likishapita kipande chetu, kabla ya kona ya trafiki, linasimama pembeni. Buti linamwaga watoto. Wanavuka lami wenyewe, wanapita kwenye mashamba ya kahawa, wanatokea mbele ya trafiki, wanavuka tena, wanapanda. Kumbe wenye magari wakitokea mbele huwa wanamwashia taa dereva kumwambia trafiki wapo. Zamani siku nyingine trafiki hawakuwapo, watoto walikuwa hawashuki. Sasa wanashuka kila siku, maana nimeripoti na ukaguzi ni kila siku.

Anasema wale wadogo wanashikana mikono, msichana wa sweta la bluu yuko mbele. Leo lori limewapigia honi ndefu, mmoja akarudi mbio katikati ya barabara kufuata kiatu.

Nimewatoa kwenye buti nikawaweka barabarani. Mimi. Na mdomo wangu.

Jumatano, 23 Julai

Nimejiambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Ninyamaze, ukaguzi upungue, warudi kwenye buti lao. Nimejiambia hivyo asubuhi nzima. Wamepita. Msichana kanipungia mkono. Ananifahamu sasa, mama wa bendera.

Hapana. Sinyamazi. Aliyewajaza kwenye buti ni yeye. Aliyewashusha ni yeye. Mimi nilisema ukweli, na ukweli haujageuka uongo kwa sababu mtu kaukwepa kupitia shamba la kahawa. Kosa langu ni moja tu: nimekwenda kutafuta bendera ya mtu mwingine, na yangu ninayo mkononi.

Alhamisi, 24 Julai

Leo limekuwa la kwanza kwenye foleni. Simbeye kaniambia njia nyeupe, niachie. Sikuachia.

Nimemwambia dereva afunge buti na watoto wakae kwenye viti, watakaobaki wamsubiri hapa kwangu, aje kuwachukua. Ni kijana wa heshima tu, kavaa fulana ya kwaya. Akaniuliza, "Kwani wewe ni trafiki?" Nikamwambia mimi ni bendera. Akasema wazazi wenyewe wanamsihi awabebe wote, mimi nani. Nikasema mimi ndiye huyu hapa mbele ya gari lako.

Honi. Mungu wangu, honi! Foleni imekwenda hadi sikuona mwisho. Redio inapiga kelele, Simbeye ananiita kwa jina langu la ubatizo. Bendera haikucheza. Dereva wa semi akashuka, Mzambia, mtu mzima, nikajua nimekwisha. Kaja na hasira zake mpaka kwenye buti. Kaangalia. Kaangalia na bampa yake. "Awe, bamayo," akasema, anatikisa kichwa. "Awe." Yaani hapana, mama, hapana. Karudi kwenye lori lake, kazima injini.

Hapo yule kijana akafungua kamba.

Kaondoka na watatu na yule mdogo wa usukani, mdogo nyuma katikati ya wenzake. Saba wamebaki na mimi kwenye mawe. Nikainua kijani, magari yakapita, kila dereva ananitukana kwa lugha yake. Msichana anaitwa Sekela, darasa la nne. Nikamuuliza haogopi kule nyuma. Kasema mikono huwa inamuuma, kwa sababu akiachia kamba mlango unampiga Baraka. Baraka ana miaka mitano. Nimewagawia mahindi yangu. Kijana karudi baada ya nusu saa, kawachukua kwa safari mbili, hakunisalimia. Sijali.

Ijumaa, 25 Julai

Mnyapara wetu, mzee Kibona, kaniita. Foleni imefika kwa wakubwa. Kasema bendera ni ya barabara, si ya kulea watoto wa watu. Nikamjibu nilivyofundishwa: nyekundu maana yake hatari. Mzee, hatari ndiyo ile. Kashusha pumzi. Yeye ni mzee wa kanisa, ana wajukuu, nimeona limemgusa. Lakini kasema nikirudia ananitoa. Nikasema sawa, nimesikia. Kusikia nimesikia.

Gari la watoto halikupita leo.

Jumatatu, 28 Julai

Limepita. Wote kumi na mmoja, kamba mpya. Safari hii kiti cha mbele yumo mama mmoja, mtoto kampakata, wamejifunga mkanda mmoja. Wamekuja kunikomesha.

Nikasimamisha.

Yule mama kashuka na maneno. Jana kwa ajili yangu wamekaa kikao kanisani. Gari ni hilo moja. Akienda mara tatu, wa mwisho wanachelewa, mwalimu anawarudisha. Kwani mimi nadhani wanapenda? Halafu akaniuliza mbele za watu, "Na wewe wa kwako alisafirije?"

Nikamwambia. Alisafiri vibaya. Kama huyo wako, mapajani, mkanda mmoja, na ningeweza kumuua kwa mwili wangu mwenyewe nikidhani namlinda. Nikamweleza alivyosema mwalimu wa usalama, nikamwonyesha kwa mikono. Katazama ule mkanda, kamtazama mtoto. Hatukupatana, nisidanganye. Ila hakupanda tena mbele. Kamchukua mwanawe na wadogo wawili, wakakaa na mimi kwenye mawe kusubiri, kanipa mgongo.

Bado wawili walikuwa kwenye buti wakati mzee Kibona alipofika. Kaichukua bendera mkononi mwangu. Sikumpa, kaichukua. Nataka hilo liandikwe.

Kuanzia kesho nabeba maji ya kumwagia vumbi.

Jumanne, 29 Julai

Ndoo. Mabega yanauma. Kijana mgeni kashika bendera yangu, kaliachia gari la watoto bila hata kugeuka. Buti wazi. Sekela kanitafuta kwa macho mahali pangu pa zamani, nilikuwa mtaroni na ndoo. Nimelia kidogo, kwa hasira. Jioni nimepanda tena kilimani, nikamweleza yule dada wa trafiki habari ya shamba la kahawa, wanaposhukia na wanapopandia. Nitaripoti mpaka wachoke wao. Mimi sichoki.

Alhamisi, 31 Julai

Jua kidogo leo. Jana yule dada kasimama kule kwenye kahawa badala ya kilimani, akawakuta wanavuka. Sijui walichoongea.

Leo asubuhi mgeni wa bendera anaumwa. Wamemleta Simbeye upande wangu. Gari jeupe likaja, la tatu kwenye foleni. Redio ikalia kwamba njia iko wazi. Simbeye hakuinua kitu. Akaenda taratibu mpaka nyuma ya gari, kama mtu aliyedondosha shilingi, Simbeye asiyependa maneno. Nyekundu kaishika chini, karibu na goti.

Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Akahesabu kwa kidole kupitia dirishani. Sekela alikuwa kitini, Baraka pembeni yake, mikono yake mitupu imelala kwenye sketi. Simbeye akanigeukia kule mtaroni, akanionyesha vidole vinne, kisha akainua kijani.

Nilikaa karibu na ndoo zangu kusubiri safari ya pili. Ilichelewa. Ikaja.